Sura ya 14 hadi ya 16 zimetoka: tujadili viputo vitupu, kisima, na mkia ulioelekea pasipo mtu

Mwanzisha uzi

Ndugu wasomaji, salaam. Sura ya 14, ya 15 na ya 16 za katuni yetu ya mtandaoni sasa ziko hewani zote, na mchoraji mwenyewe ameahidi kupita kujibu maswali, kwa hiyo nimeona tuzijadili kwa pamoja badala ya kuendelea kuokoteza ukurasa mmoja mmoja kama tulivyokuwa tukifanya. Asiyefika mwisho wa sura ya 16 akasome kwanza, kisha arudi, maana hatutaficha kitu.

Kwa waliokuwa mbali na hadithi hii, mji wa kengele umenyang'anywa sauti zake. Mchawi hakuua mtu wala hakuchoma nyumba. Alianza kwa kuchukua mlio wa kengele kubwa, akafuatia mbwa, maji ya mfereji na vicheko vya watoto, na usemi wa watu wazima akauacha uwe wa mwisho, wakati ambapo hapakuwa tena na kitu cha kuwaamsha majirani. Katika sura ya 14 binti wa mpiga kengele anaingia katika ghala la mitungi ambamo sauti zote zimefungiwa. Sura ya 15 haina neno hata moja. Katika sura ya 16 anashuka kisimani.

Nianze na jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote. Mwandishi wa riwaya akitaka ukimya huandika kwamba palikuwa kimya, nasi tukamwamini. Mtengenezaji wa filamu huzima sauti. Katuni haina njia hizo, kwa sababu yenyewe ni bubu tangu ukurasa wa kwanza. Kila mlio tuliowahi kuusikia humo tuliusikia kwa macho, kutokana na unene wa herufi, mlalo wake, na umbo la kiputo, yaani lile duara la maneno lenye mkia unaomwelekea msemaji. Mchawi anapoiba sauti ndani ya katuni, kinachotoweka ni wino, nasi tunauona wizi ukitendeka. Rudini kwenye kurasa za kumbukumbu zinazofungua sura ya 14 mtazame mlio wa kengele: mwanzoni herufi zake ni nene kiasi kwamba zinavuka mpaka wa fremu na kuingia katika fremu mbili zinazofuata, lakini kurasa chache baadaye mlio huohuo ni mstari mwembamba wa kijivu uliojibana pembeni, ilhali mpiga kengele bado anavuta kamba kwa nguvu zilezile na mishipa ya shingo imemtoka. Sidhani kama kuna sanaa nyingine ambayo ingeubeba uchawi huu vizuri kuliko hii.

Sasa hoja yangu. Sura ya 15, ukurasa wa 9, fremu ya tatu. Watu wanne wamekusanyika uwanjani, midomo imefumbuka, na juu yao kuna viputo vitupu. Nimevihesabu, ni vitano. Vinne mikia yake imeelekea midomoni, kama kawaida. Cha tano kimejificha nyuma ya kichwa cha mzee mwenye fimbo, na mkia wake unapita begani mwa binti, unashuka, unaishia kwenye ukingo wa mawe wa kisima. Pale hapana mtu. Naamini kwamba ndani ya kisima kuna aliyekuwa akisema wakati wote huo, na kwamba ndiyo sababu binti anashuka katika sura inayofuata ingawa hakuna aliyemwagiza. Nani mwingine ameuona mkia huo?

Msomaji wa tangu sura ya kwanza

Dada, mkia nimeuona, ila sikubaliani nawe kuhusu mtu kisimani. Kanuni ya kawaida ya viputo ni kwamba msemaji asiyeonekana hupewa mkia unaokatwa na mpaka wa fremu, na msomaji anaelewa mara moja kwamba sauti inatoka nje ya picha. Kama mchoraji angetaka tufikirie mtu aliyejificha ndani, angeweza kuupeleka mkia hadi kwenye giza la kisima na kuukatia humo. Badala yake mkia umegusa jiwe la ukingo, na ncha yake imechorwa kwa ukali uleule wa mikia iliyogusa midomo. Kwa maoni yangu anayesema ni kisima chenyewe.

Ushahidi wangu uko mbali kidogo. Katika sura ya 3, binti alipokuwa mdogo akichota maji, mlio wa kamba ulichorwa chini ya ukingo, kwa herufi zilizopinda zikifuata duara la mawe, na wakati ule niliuona kama urembo tu. Tena kumbukeni kwamba katika ghala la sura ya 14 kila mtungi una alama: mbwa, mfereji, mtoto, kengele. Nimepita rafu zote zinazoonekana na sikupata mtungi wenye alama ya kisima. Mchawi hakuichukua sauti hiyo kwa sababu hakujua kwamba ipo.

Niongeze jambo moja kuhusu namna tunavyosoma. Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, alieleza kwamba sehemu kubwa ya hadithi hutendeka katika nafasi tupu iliyo kati ya fremu na fremu, ambapo msomaji ndiye anayekamilisha tendo kwa akili yake mwenyewe. Sura ya 15 imelipeleka wazo hilo mbele zaidi, kwani sasa hata ndani ya fremu tunakamilisha wenyewe kile ambacho watu wanajaribu kusema. Kiputo kitupu kimetukabidhi kazi ambayo kwa kawaida ni ya mwandishi, na ndiyo maana kila mmoja wetu amesikia kitu tofauti.

Mchoraji

Nawashukuru sana kwa usomaji wa makini kiasi hiki. Mtu akikaa na ukurasa kwa saa nyingi akiutia wino, kisha akaona kwamba kuna aliyeutazama kwa subira ileile, uchovu wote humtoka.

Nitaeleza namna nilivyofanya, na nitanyamaza kuhusu maana ya yale ambayo hadithi bado haijayafikia. Kwa hiyo kuhusu mkia wa kiputo cha tano nitasema tu kwamba upo, kwamba niliuchora kwa makusudi, na kwamba umehesabu sawasawa.

Kuhusu herufi za milio: sizichapi kwa fonti. Kila mlio nauchora kwa mkono kwenye leya yake, yaani tabaka la mchoro linaloweza kubadilishwa peke yake, chini ya leya ya watu na juu ya leya ya mandhari, ili uweze kupita nyuma ya bega la mtu au kufunikwa na ukuta. Hilo ndilo lililoniwezesha kuipunguza kengele hatua kwa hatua, kwa kuwa mchoro wa mpiga kengele ulibaki vilevile na kilichobadilika ni leya ya mlio peke yake. Viputo vya sura ya 15 pia havikuanza vikiwa vitupu. Niliandika mazungumzo yote, nikayapanga, nikahakikisha kila kiputo kina ukubwa unaotosha maneno yake, halafu nikaifuta leya ya maandishi. Ndiyo maana vingine ni vipana na vingine vimebanwa: kila mtu pale uwanjani alikuwa na jambo mahususi la kusema.

Kisima cha sura ya 16 wengi mmeniuliza kwa nini kimekuwa picha moja ndefu wakati hadithi nzima iko katika kurasa za kawaida. Huwa nachora kwa upana wa pikseli 2400 na kuchapisha kwa upana wa 800, ambao simu nyingi huonyesha bila shida. Picha ya kisima ina urefu wa mara kumi na mbili ya upana wake, yaani karibu skrini sita za simu. McCloud huyohuyo aliyetajwa hapo juu alipendekeza mwaka 2000 kwamba katuni ya kompyuta haina sababu ya kubaki ndani ya umbo la karatasi, kwa kuwa skrini inaweza kuwa dirisha linalofunguka juu ya karatasi isiyo na mwisho. Wakorea ndio walioligeuza wazo la aina hiyo kuwa desturi ya kila siku kwa katuni zao za kuteremsha, ambazo majukwaa yao makubwa yalianza kuzichapisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mimi nililihitaji mara moja tu. Nilitaka kidole cha msomaji ndicho kimshushe binti, na nilitaka msomaji awe na uhuru wa kusita katikati.

Msomaji asiye na subira

Ndugu mchoraji, heshima yako iko palepale, lakini mimi nimeumia. Tunasubiri ukurasa kwa ukurasa, tunakaa na fumbo moja kwa majuma, halafu unakuja na kutueleza leya. Sisi ndio tunaoibeba hadithi hii kwa kuisambaza na kuichangia kila mwezi. Je, si haki yetu kupewa hata jibu dogo? Na ikiwa wengi wetu tunataka mpiga kengele apone, kwa nini asipone? Historia inaonyesha kwamba wasomaji wakishikilia, waandishi husikia. Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, mwaka 1893, wasomaji wakalalamika kwa miaka, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai.

Mwanzisha uzi

Kaka, uchungu wako naufahamu, maana nami nilikesha na ukurasa ule wa mwisho. Hata hivyo mfano huo wa Doyle unafundisha zaidi ya ulivyousoma. Kabla ya kumrudisha akiwa hai, Doyle alianza mwaka 1901 kuchapisha hadithi ndefu ya Holmes iliyowekwa katika kipindi cha kabla ya kifo chake, yaani aliwapa wasomaji walichokitamani bila kugusa alichokuwa ameandika. Kelele zilimshawishi arejee mezani, lakini namna ya kurejea aliichagua yeye.

Katika katuni za mtandaoni tuna mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Homestuck ilipoanza mwaka 2009, wasomaji walikuwa wakituma amri na mwandishi akizichora, kwa hiyo walikuwa na mkono ndani ya hadithi kweli. Wasomaji walipoongezeka, mapendekezo yakawa mengi kupita kiasi, na mwandishi akaacha kuyategemea, hadithi ikaendelea kwa mpango wake. Sioni hilo kuwa usaliti. Hadithi yenye fumbo haiwezi kuongozwa na watu wasiojua jibu la fumbo, na sisi hatulijui, na raha yetu yote inatokana na kutolijua.

Kile ninachokitaka kwa mchoraji ni kingine kabisa, nacho ametupa. Aliposema kwamba viputo viliandikwa kwanza kisha vikafutwa, nilirudi ukurasa wa 9 nikautazama upya, na nikaona kwamba kiputo cha tano ndicho kidogo kuliko vyote. Kinatosha neno moja, labda mawili mafupi. Hakunifichulia chochote, lakini alinipa jicho jipya la kutazamia, na kwangu hilo lina thamani kuliko kuambiwa nani yumo kisimani.

Msomaji asiye na subira

Hilo la ukubwa wa kiputo sikuwa nimeliona. Naomba muda nikatazame tena.

Mchangiaji anayesikiliza

Ndugu zangu, nimeusoma mjadala huu kwa hamu na kwa huzuni kidogo, na naomba nieleze kwa nini. Mimi sioni. Hadithi hii naifuata kwa programu ya kusoma skrini, ambayo husoma kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye ukurasa, na kwa picha husoma maelezo yaliyoambatishwa nayo ikiwa yapo. Hadi sura ya 14 nilikuwa nikienda sambamba nanyi, kwa kuwa chini ya kila ukurasa mchoraji huweka maneno yote ya wahusika pamoja na milio, na wasomaji wawili watatu wenye moyo mwema huongeza maelezo mafupi ya mandhari katika maoni.

Sura ya 15 ilipotoka, chini ya kila ukurasa hapakuwa na kitu, kwa sababu hapakuwa na maneno ya kunukuu. Nilichosikia mimi kilikuwa ni neno picha, kisha neno picha tena, kurasa zote hadi mwisho. Nimekuja kujua leo, kupitia kwenu, kwamba kuna kiputo cha tano, kuna mzee mwenye fimbo, kuna mkia uliogusa jiwe. Sura inayohusu watu walionyang'anywa sauti ndiyo iliyoninyang'anya mimi hadithi, na nina hakika kwamba hilo halikukusudiwa.

Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, lilitoa miongozo yake ya kwanza ya ufikivu mwaka 1999, na kanuni ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba kila picha iwe na maandishi mbadala yanayofanya kazi ileile. Toleo la mwaka 2008 nalo lilianza na kanuni hiyohiyo. Naomba sura ya 15 na ya 16 zipewe maelezo. Siombi yawe marefu, ila yawe ya haki.

Mchoraji

Ndugu yangu, ombi lako ni la haki na litatekelezwa. Nitayaandika maelezo ya sura zote mbili kabla sijachapisha ukurasa wowote wa sura ya 17.

Niruhusuni hata hivyo niliweke mezani tatizo linalonikabili, kwa kuwa nimeanza kuyaandika maelezo ya ukurasa wa 9 sasa hivi na nimekwama kwenye fremu ya tatu. Anayeona hukutana na fremu ile yote kwa mara moja, na kiputo cha tano anaweza kukipita bila kukitambua. Wengi walikipita, na nilitaka wakipite. Nikiandika kwamba mkia wa kiputo kimoja umeelekea kisimani, nitakuwa nimemshika msikilizaji mkono na kumpeleka moja kwa moja kwenye siri ambayo wengine waliachiwa waitafute. Nisipoandika, nitakuwa nimemnyima kabisa nafasi ya kuigundua, na huo ni udhalimu mkubwa zaidi. Niliahidi kueleza nilichochora na kunyamaza kuhusu maana yake. Katika fremu hii kutaja tu kilichopo ni sawa na kutoa maana. Nani ana shauri?

Mwanafunzi wa uchoraji

Naomba nijaribu. Huu ni mchoro wangu wa maneno wa fremu ya tatu:

Uwanja wa mji, mchana. Watu wanne wamesimama kuzunguka binti wa mpiga kengele, midomo yao iko wazi. Juu yao kuna viputo vitano visivyo na maandishi. Kwa kushangaza, mkia wa kimojawapo unaelekea kisimani ambapo hakuna mtu.

Msomaji wa tangu sura ya kwanza

Umejitahidi, ndugu, ila maneno "kwa kushangaza" yaondoe. Picha haikushangaa. Aliyeshangaa ni wewe, na msikilizaji ana haki ya kushangaa kwa wakati wake. Vilevile umeuweka mkia mwishoni mwa aya, na sentensi ya mwisho ndiyo inayobaki masikioni. Katika picha kitu kile kiko nyuma ya kichwa cha mzee, katikati ya vitu vingine, na uzito wake ni mdogo. Kwa hiyo katika maelezo nacho kiwekwe katikati, miongoni mwa mambo mengine ya aina yake, kwa sentensi isiyopiga kelele.

Mchangiaji anayesikiliza

Nakubaliana naye kabisa, na naomba niwaambie jinsi sisi tunavyosikiliza, kwa sababu huenda hamjui. Hatusikii kila neno kwa uzito sawa. Wengi wetu huiweka programu isome kwa kasi kubwa, na tunapitia maelezo kama ninyi mnavyoupitia ukurasa kwa macho, tukikamata jambo moja na kuliacha jingine. Kitu kilichotajwa katikati ya sentensi ndefu kinaweza kunipita kabisa, nikakigundua ninaporudia. Kwa hiyo msiogope kwamba kutaja ni kufichua. Kitajeni mahali pake na kwa sauti yake, na uwezekano wa mimi kukipita utakuwa karibu sawa na wa kwenu. Kinachoniudhi ni pale mwandishi wa maelezo anapoamua kwa niaba yangu kwamba jambo fulani si la lazima.

Mwanafunzi wa uchoraji

Basi nimeandika upya, na safari hii nimeanza kuvipa viputo umbo, kwa kuwa mchoraji alisema ukubwa wake una maana:

Uwanja wa mji, mchana. Watu wanne wamemzunguka binti wa mpiga kengele, nao wanajaribu kusema kwa wakati mmoja. Kiputo kipana cha mama muuza nyuzi kinakaribia kugusa paa. Cha mwashi kimebanwa chini yake. Cha mtoto wa mwashi kimekatwa nusu na mpaka wa fremu. Kidogo kabisa, nyuma ya kichwa cha mzee mwenye fimbo, kina mkia unaopita begani mwa binti hadi ukingo wa kisima. Na cha mzee mwenyewe kimeinama kama fimbo yake. Vyote ni vitupu. Binti ameziba masikio kwa viganja, ingawa hakuna cha kusikia.

Mwanzisha uzi

Haya sasa ndiyo maelezo. Nimeyasoma kwa sauti kisha nikafumba macho, na fremu ikanijia ikiwa na msongamano wake wote. Nimependa pia kwamba umemaliza na viganja vya binti, kwa sababu hata katika picha macho huishia pale: mistari yote ya viputo inashuka kuelekea mikono yake. Na sasa ninajiuliza swali ambalo sikujiuliza nilipoitazama picha yenyewe. Ameziba masikio kwa nini, kama mji mzima ni kimya? Msomaji wa tangu sura ya kwanza anasema kisima ndicho kinachosema. Ikiwa ndivyo, huenda binti ndiye peke yake anayekisikia.

Msomaji wa tangu sura ya kwanza

Dada, umenipita. Nilishikilia mtungi usiokuwapo na kuisahau mikono iliyopo.

Mchoraji

Nitatumia maelezo hayo kama yalivyo, nikibadili neno moja tu: yule si mwashi, ni mpasua mawe, na tofauti hiyo itakuwa na umuhimu baadaye. Nimempa mwanafunzi wetu shukrani zangu kwa faragha na nimemwomba anisaidie kurasa zilizobaki za sura ya 15. Kuhusu viganja vya binti, kimya changu kinaendelea.

Kisima cha sura ya 16 nitakieleza mwenyewe, kwa kuwa kina tatizo lake. Kwa wanaoona, ule urefu ndio maana yenyewe, na maelezo ya aya moja yatamfikisha binti chini kwa pumzi moja. Nimeamua kuikata picha katika vipande sita, kila kimoja kikiwa na maelezo yake mafupi, ili anayesikiliza naye ashuke kwa hatua, abonyeze kwenda mbele, na aweze kusita pale anapotaka. Katika kipande cha nne mawe ya ukuta yanaacha kuwa ya kuchongwa na mwamba wa asili unaanza, na hapo maelezo yatakuwa sentensi moja peke yake.

Wale waliouliza kuhusu toleo la kitabu, jibu langu ni fupi. Litakuwapo, na kwa sababu nachora kwa pikseli 2400 upana utatosha inchi 8 kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango ambacho wachapaji hukitaka. Tatizo langu ni mawili: kisima, ambacho kwa upana huo kingekuwa na urefu wa inchi 96 na lazima kigawanywe katika kurasa kadhaa, na rangi ya buluu inayong'aa ndani ya mitungi, ambayo skrini huitoa kwa mwanga na wino wa karatasi hauwezi kuifikia. Naendelea kujaribu buluu nyingine.

Msomaji asiye na subira

Nimerudi kutoka ukurasa wa 9. Nimekipima kiputo cha tano kwa kukilinganisha na viputo vya sura ya 14 ambavyo vina maneno, na kwa ukubwa ule wa herufi kinatosha herufi tano au sita, si zaidi. Jina la binti lina herufi tano. Sisemi lolote zaidi, na sidai jibu.

Mchangiaji anayesikiliza

Kaka, asante kwa kipimo hicho, maana mimi nisingeweza kukifanya. Mchoraji, nina ombi moja la mwisho kuhusu vile vipande sita: tafadhali maelezo yawekwe kama maandishi ya ukurasa au maandishi mbadala ya picha, yasiwe yale yanayotokea kielekezi kikisimama juu ya picha, kwa kuwa kwenye simu hayo mara nyingi hayanifikii. Nikiyapata nitaisoma sura ya 16 usiku huohuo, kisha nitakuja kuwaambia kama nami nadhani kisima kinasema.

Mchoraji

Yatawekwa kama maandishi mbadala, na nakala yake chini ya picha. Nitakutumia vipande viwili vya kwanza uvijaribu kabla sijavipandisha vyote.